Imamu Ahmad bin Hanbal: Subira Yake Katika Dhiki na Katika Faraja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu ya baada ya Maghribi aliinuka ndugu yetu mmoja, mtu mzima mwenye heshima yake mtaani, akatuuliza swali ambalo tangu usiku ule halikututoka moyoni. Ndugu huyu alitokwa na mali yake yote ya biashara, kisha akafiliwa na mwanawe, na mambo yote mawili yalimpata katika mwaka mmoja. Jamaa zake walimsihi aende kwa mpiga ramli akatazamiwe, wakidai kuwa misiba haifuatani hivyo ila kwa jicho la hasidi. Yeye alikataa. Lakini alitaka kujua: kwa nini mja mwenye kusali na kutoa zaka apatwe na haya? Na akiambiwa amtegemee Mola wake, je, akae kitako angojee, au ana kazi ya kufanya?

Tulimjibu kwa kadiri tulivyojaaliwa. Walakini jawabu la maneno ni jepesi, na mtu aliyemo ndani ya dhiki huhitaji kumwona mwenziwe aliyeipita njia hiyo kabla yake. Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya Imamu Ahmad bin Hanbal, Mungu amrehemu, mmoja katika maimamu wanne wenye madhehebu. Sisi watu wa pwani hii wengi wetu ni Mashafi, na jina la Imamu Ahmad twalisikia mara nyingi kuliko tunavyoijua sira yake. Na hali yeye alikuwa mwanafunzi wa Imamu wetu Shafi, na yapokewa kuwa kwa miaka mingi hakuacha kumwombea mwalimu wake huyo katika sala zake za usiku.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Alizaliwa Baghdad mwaka 164 wa Hijria, nao ni mwaka 780 wa Miladi. Wazee wake walikuwa Waarabu wa kabila la Shaiban waliokuwa wakikaa Marw, katika nchi ya Khurasan. Babake alikufa angali kijana, naye mtoto ni mchanga hata sura ya babake hakuijua. Akalelewa na mamake, Bibi Safiyya, mjane mwenye kitu kidogo. Bibi huyo alimtoboa mwanawe masikio akamtia lulu mbili. Alipokuwa mkubwa zikavuliwa, zikauzwa kwa kiasi cha dirhamu 30. Nyumba waliyoachiwa na marehemu ilitoa kodi ndogo, na kwa kodi hiyo ndivyo Imamu alivyoendesha maisha yake mpaka uzeeni.

Mama yule hakuwa na hazina ya kumrithisha mwanawe, akamrithisha mapenzi ya elimu. Kijana alikuwa akitaka kutoka nyumbani usiku wa manane apate mahali pa mbele katika darsa. Mama akimzuilia nguo zake mpaka isikike adhana ya alfajiri, kwa kumhurumia. Na twaona kuwa huu ndio mwanzo wa habari yetu yote. Uyatima ulikuwa dhiki yake ya kwanza, nao haukumfanya mtu wa kuomba huruma za watu. Tangu udogo alijifunza kuwa ana Mlezi asiyekufa.

SAFARI ZAKE ZA KUTAFUTA ELIMU

Alianza kuandika hadithi za Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka kama 16, mwaka 179 wa Hijria. Baghdad ilipomaliza kumpa alichotaka, alisafiri Kufa, na Basra, na Makka, na Madina, na Shamu, na Yaman. Alihiji mara tano, na katika hija hizo tatu alikwenda kwa miguu, kwani hakuwa na uwezo wa kukodi mnyama.

Akiwa Makka katika darsa ya Sufyan bin Uyayna, aliibiwa nguo zake, akabaki chumbani hawezi kutoka. Wenziwe walipokosa kumwona siku kadha walimfuata, wakamkuta hana ila kigwanda kilichochakaa. Mmoja alimpa dinari, akaikataa. Akamwambia aipokee kuwa mkopo, akakataa pia. Lakini alipoambiwa amwandikie mtu huyo vitabu kwa ujira, alikubali, na kwa ujira huo akanunua kitambaa cha kujisitiri. Na katika safari ya Yaman, alipoishiwa na masurufu, alijiajiri kwa wenye ngamia akawa mchukuzi wa mizigo, mpaka akafika San'a kwa Abdurrazzaq. Sheikh huyo naye alimpa dinari za kujisaidia, akazirudisha kwa adabu.

Tuyatie akilini haya, kwani wako wanaodhani kuwa kumtegemea Mungu maana yake ni kuketi barazani na kungoja. Imamu Ahmad hakumwomba mtu, wala hakukaa bure. Aliushughulisha mkono wake kwa kalamu na kwa mizigo, na moyo wake akauacha kwa Mola wake. Mkono katika sababu, na moyo kwa Mwenye kuziumba sababu: hiyo ndiyo tawakali waliyoijua wema waliotutangulia.

Matunda ya safari hizo ni kitabu chake kiitwacho Musnad, kilichokusanya hadithi zaidi ya 27,000 pamoja na zilizokaririwa, ambacho mwanawe Abdullah ndiye aliyekipokea na kukieneza. Wala hakuoa ila baada ya kufika umri wa miaka 40, kwa kushughulika na elimu.

MTIHANI WA QUR'ANI

Tumefika sasa kwenye jambo lililolifanya jina lake lidumu. Khalifa al-Ma'mun, mwana wa Harun Rashid, alikuwa mtu wa akili na mpenda elimu. Lakini aliifuata rai ya Mu'tazila waliosema kuwa Qur'ani ni kitu kilichoumbwa. Wema waliotangulia walikuwa wakisema kuwa Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, wakakomea hapo. Lau khalifa angalibaki na rai yake nafsini mwake, jambo lingalikuwa jepesi. Lakini mwaka 218 wa Hijria, yaani 833, aliandika barua kwa liwali wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, awakusanye makadhi na wanavyuoni awatahini mmoja mmoja. Atakayekubali rai ile ataachwa na cheo chake. Na atakayekataa atanyang'anywa kazi na riziki, kisha yatakuja makubwa kuliko hayo.

Wengi walikubali kwa ndimi zao kwa kuhofu upanga. Na sisi hatutaki kuwalaumu, kwani walikuwa watu wakubwa wa elimu, na sheria imemruhusu mwenye kulazimishwa. Wanne ndio waliothubutu kusimama. Kisha siku ya pili na ya tatu, walipotiwa pingu, wakalegea wawili. Wakabaki Imamu Ahmad na kijana mmoja aitwaye Muhammad bin Nuh. Wakafungwa minyororo, wakapandishwa ngamia kupelekwa kwa khalifa aliyekuwa Tarsus katika vita na Warumi.

Yasimuliwa kuwa njiani alimjia bedui asiyemjua, akamkumbusha kuwa watu wote wanamwangalia yeye, na kuwa baina yake na Pepo hapana ila kuuawa tu. Imamu alikuwa akisema kuwa maneno ya bedui yule yalimtia nguvu kuliko maneno mengine aliyoyasikia. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu anavyomsaidia mja wake: hakumtumia malaika wala jeshi, alimtumia mtu wa jangwani asiye na jina.

Kabla hawajafika, khalifa alikufa. Wakarudishwa Baghdad. Njiani Muhammad bin Nuh aliugua akafa, akafunguliwa pingu alipokwisha kuwa maiti, na Imamu Ahmad ndiye aliyemsalia. Basi fikirini hali yake saa ile. Wenziwe wa elimu wamemwacha, na yule mmoja aliyesimama naye amemzika kwa mikono yake katika ugeni. Hapo alibaki peke yake na Mola wake. Na pengine mja hajui kuwa Mwenyezi Mungu amtosha, mpaka siku atakapokuwa hana mwingine.

MIJELEDI

Alitiwa gerezani Baghdad, na humo gerezani akiwasalisha wafungwa wenziwe, pingu zi miguuni. Jamaa zake wamepokea kuwa tangu kushikwa kwake mpaka kuachiliwa ilipita miezi 28. Kisha khalifa mpya al-Mu'tasim, nduguye al-Ma'mun, alimwita mbele yake katika mwezi wa Ramadhani. Akajadiliwa siku tatu na wanavyuoni wa baraza, mkubwa wao kadhi Ahmad bin Abi Du'ad. Naye hakuwa na jawabu ila moja: wamletee dalili ya Kitabu cha Mungu au ya mwendo wa Mtume wake, naye atasema wasemalo. Dalili hawakuileta.

Al-Mu'tasim alikuwa askari, wala hakuwa na hamu kubwa na jambo hili. Alimsogelea mara kwa mara akimsihi alegee japo kidogo ili amfungue kwa mkono wake mwenyewe. Lakini waliomzunguka walimtia maneno kuwa akimwacha, watu watasema makhalifa wawili wameshindwa na mtu mmoja. Ndipo alipoamrisha apigwe. Wapigaji walikuja kwa zamu, kila mmoja akipiga mijeledi miwili kwa nguvu zake zote kisha akimpisha mwenziwe, mpaka Imamu akazimia.

Alipozindukana aliletewa uji wa nafaka anywe; akakataa kwa kuwa alikuwa amefunga. Ikaadhiniwa Adhuhuri, akasali hali damu inachuruzika katika nguo zake. Mmoja wa makadhi alimlaumu kwa kusali namna ile, naye akamkumbusha kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alisali na jeraha lake likitoka damu. Kisha akaachiliwa, akarudi nyumbani. Tabibu alimkata nyama iliyokufa mgongoni, na alama za mijeledi alikwenda nazo kaburini.

Mwanawe Abdullah alimsikia mara nyingi baadaye akimwombea rehema mtu aitwaye Abul Haitham. Alipomwuliza ni nani, alimweleza kuwa ni mwizi mashuhuri aliyemvuta nguo siku aliyotolewa kupigwa. Mwizi yule alimwambia kuwa yeye amepigwa mijeledi isiyo na hesabu kwa kumtii shetani na kutaka dunia, na akavumilia. Basi asishindwe kuvumilia mwenye kupigwa kwa kumtii Mungu na kuitaka dini. Ndugu zetu, mwanachuoni mkubwa wa zama zake hakuona haya kupokea wasia kwa mwizi, wala hakusahau kumwombea. Mateso humfundisha mtu unyenyekevu ambao vitabu peke yake havimfundishi.

Na kubwa kuliko yote ni kuwa aliwasamehe. Alimsamehe khalifa na wote waliompiga, akaona kuwa haimfai kitu mtu kwa nduguye Mwislamu kuadhibiwa kwa sababu yake. Twajiuliza: ni wangapi katika sisi wasiosemezana na ndugu zao wa tumbo moja kwa ajili ya ukuta wa nyumba au minazi michache ya urithi?

MIAKA YA KUFICHIKA

Wengi wakisimulia habari hii hukomea kwenye mijeledi. Sisi twaona kuwa yaliyofuata yana mafunzo makubwa zaidi. Alipotawala al-Wathiq, mwaka 842, mtihani ulirudi kwa ukali. Imamu alikatazwa kukutana na watu. Akakaa miaka hiyo amejificha, kwanza katika nyumba za watu, kisha nyumbani kwake, hatoki hata kwenda msikitini, mpaka al-Wathiq akafa mwaka 847. Mtu aliyevuka majangwa kutafuta hadithi moja alizuiwa hata kuisomesha iliyomo kifuani mwake.

Katika siku hizo wanavyuoni wa Baghdad walimjia kwa siri wakitaka awaunge mkono kumwasi khalifa. Alijadiliana nao kwa kirefu, akawakataza. Aliwaonya juu ya kumwaga damu za Waislamu na fitina isiyojulikana mwisho wake, akawataka wakanushe batili kwa nyoyo zao na wasubiri. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kulipiza kuliko wote, na yeye ndiye aliyewazuia. Subira yake haikuwa ya mtu asiye na njia nyingine. Njia ililetwa mpaka mlangoni pake, akaifunga.

MTIHANI WA NEEMA

Kisha akaja al-Mutawakkil, akaukomesha mjadala wa Qur'ani, akainua watu wa Sunna. Milango iliyofungwa ikafunguka. Mwenye kudhani kuwa hapo mtihani ulikwisha hajamjua Imamu Ahmad. Khalifa alimtumia dirhamu 10,000 katika mfuko. Usiku ule hakulala. Kulipokucha aliwaita watu, akazigawa zote kwa wahitaji, na kizazi cha Muhajirina na Ansari wakiwamo, mpaka mfuko wenyewe nao akautoa sadaka.

Akaitwa mji wa Samarra, akawekwa katika nyumba yenye matandiko, akiletewa kila siku sinia za vyakula vya kifalme. Hakuvionja. Alifunga mfululizo akifuturu kwa kitu chake kidogo, hata akadhoofika wakamhofia. Alikuwa akilia akisema kuwa aliwaepuka watu hawa miaka 60, na sasa mwisho wa umri wake ametahiniwa nao. Aliporuhusiwa kurudi Baghdad, alikuta wanawe wamepokea posho ya khalifa kwa sababu ya watoto na madeni. Hakuwaharamishia, lakini yeye alijitenga nayo, hata mlango wa baina ya nyumba yake na ya mwanawe akauziba. Na siku moja alipoletewa mkate akajua umeokwa katika tanuri ya mwanawe Salih, hakuula.

Kwa nini alilia kwa neema, naye hakulia kwa mijeledi? Kwa sababu mjeledi huuma ngozi, na mtu aumwapo humkumbuka Mola wake. Ama neema huingia kwa upole, ikamlaza mtu usingizi. Ni wengi waliokuwa wa kwanza msikitini siku za shida, na Mwenyezi Mungu alipowafungulia riziki hawakuonekana tena hata Ijumaa.

KUFA KWAKE

Aliugua siku tisa, akafa asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Mfunguo Sita mwaka 241, yaani mwaka 855, naye ana miaka 77. Katika ugonjwa wake aliambiwa kuwa Tawus, mmoja wa waliotangulia, alichukia mgonjwa kuugua kwa sauti. Tangu hapo alijizuia kuugua. Alipokuwa akitawadhishwa, na ulimi umekwisha kuwa mzito, aliashiria maji yapitishwe baina ya vidole vyake ili Sunna itimie.

Abdullah asimulia kuwa babake alipokuwa katika sakarati alikuwa akikataa kwa mkono, akisema kuwa bado. Alipozindukana kidogo mwanawe alimwuliza, akamweleza kuwa Ibilisi amesimama mbele yake akijuta kuwa Ahmad amemponyoka, naye anamjibu kuwa bado hajaponyoka mpaka afe. Huyu ni mtu aliyepigwa kwa ajili ya dini, akafungwa, akafichwa, akajaribiwa kwa mali akashinda. Na pumzi ya mwisho hakujiona kuwa amefika.

Mazishi yake yalihudhuriwa na watu wengi mno, na waandishi wametaja hesabu kubwa kubwa. Tena wako waliosimulia kuwa siku ile walisilimu Mayahudi na Manasara na Majusi kwa maelfu. Habari hiyo Imamu Dhahabi ameikanusha, nasi hatuna haja nayo. Mtu wa namna hii hapambwi kwa uzushi. Hata kaburi lake baadaye lilichukuliwa na mafuriko ya mto wa Dajla. Elimu yake na mwendo wake havikuchukuliwa.

JAWABU LA NDUGU YETU

Twarudi kwa ndugu yetu aliyetuuliza. Hatuwezi kumwambia ni kwa hikima gani alipatwa na yaliyompata, kwani hilo ni katika ghaibu, na mpiga ramli mwenye kudai kuijua ni mwongo. Lakini twaweza kumwonyesha Imamu Ahmad alifanya nini. Riziki ilipokatika, alifanya kazi kwa mkono wake. Alipofiwa na mwenziwe, alimsalia akaendelea na njia. Alipofungiwa darsa, alishika sala yake na Qur'ani yake. Alipopata uwezo wa kulipiza, alisamehe. Na alipofunguliwa dunia, aliihofu. Hakuna hata siku moja katika hizo aliyokaa bure, wala hakuna aliyodhani kuwa Mola wake amemsahau.

Sisi ni watu wa bahari, na twajua kuwa kusi likishika nguvu nahodha hakitoi chombo. Hukipandisha pwani. Lakini halali kivulini mpaka kaskazi ije. Hukikwangua, hukikalafati, hukipaka sifa, hushona tanga lililochanika. Mwenye kupita njiani huona chombo kimelala mchangani akadhani kimeachwa. Pepo zikigeuka ndipo hujulikana aliyeutumia msimu na aliyeulala. Basi na moyo wa mja siku za dhiki umepandishwa pwani. Mwenye kuzigeuza pepo ni Mwenyezi Mungu peke yake. Ama kukalafati ni kazi tuliyoachiwa sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe ndugu yetu bora kuliko alichokosa, amrehemu mwanawe, amrehemu Imamu Ahmad na maimamu wote wa Waislamu, na atujaalie sisi subira wakati wa dhiki na shukrani wakati wa faraja, mpaka pumzi ya mwisho. Amin.